Nani Amkatie Wiebke Sidiria

Oberhalden, 11 Februari 2018

Kwa mjukuu wangu Wiebke,

Pokea salamu kutoka huku mlimani, ambako theluji imefika usawa wa dirisha na haina mpango wa kuondoka. Mimi ni mzima. Nyonga inauma ikitaka. Wiki hii zamu ya kufagia ngazi za nyumba ni yangu, na Mama Bitzer wa ghorofa ya juu amekuwa akinichungulia kama mkaguzi wa serikali. Nilifagia hata mlangoni kwake ili akose la kusema. Akasema, "Gotthilf, umeruka kona." Mwanamke huyo akifika mbinguni atapitisha kidole kwenye kiti cha enzi kutafuta vumbi.

Mwandiko wangu uuvumilie. Niliingia kiwandani nikiwa na miaka kumi na minne, mkono ukafundishwa mkasi, si kalamu. Ningepiga simu, lakini mashine zilinila masikio zamani.

Sasa nisikilize. Jumapili baba yako alikuja. Alinishika mikono yote miwili juu ya meza kama mtu anayeleta habari za msiba.

"Baba, kaa."

"Nimekaa, Rolf."

"Baba, usishtuke."

"Sema basi, dengu zinapoa."

Akasema. Kwamba wewe ni mwanamke, na ndani ulikuwa hivyo siku zote, kwamba unatumia dawa za homoni tangu mwaka jana na mwili unabadilika, na sasa unaitwa Wiebke. Halafu akangoja nianguke.

Sikuanguka. Nimefanya kazi miaka arobaini na mmoja katikati ya wanawake mia tatu. Mmoja zaidi hanitishi. Ni hilo jina tu. Wiebke ni jina la watu wa huko kwenu kaskazini, kwenye ukoo wetu halijawahi kutajwa, na najua fika nani alikunong'oneza. Ningeulizwa ningekupa Rosine, ningekupa Pauline. Sikuulizwa. Basi, Wiebke.

Rolf alipoona niko palepale akafurahi sana, mdomo ukamponyoka. "Na juzi Shangazi Traudel amempeleka dukani kununua sidiria ya kwanza."

Hapo ndipo nilipoweka kijiko chini.

Wiebke, dada yangu Traudel ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini naomba nikuulize kitu kimoja. Unajua babu yako alikuwa nani? Mimi nilikuwa mkataji mkuu wa sidiria katika kiwanda kizima. Kila kikombe kilichotoka Oberhalden kwa miaka ishirini na mitano ya mwisho kilipita chini ya kisu changu. Mama yako alivaa yangu siku ya harusi yake. Marehemu bibi yako Lore hakuvaa ya mtu mwingine hadi kaburini. Hata mke wa meya alikuja kwa mlango wa nyuma, nikamtazama mara moja tu, nikamwambia saizi yake akiwa bado amevaa koti la baridi. Alipauka.

Na wewe, mjukuu wangu mwenyewe, unapelekwa dukani na mshona ndoano wa kiwanda hichohicho.

Sina wivu, hilo lijulikane. Nauliza kama fundi. Ni ya aina gani? Ina mishono mingapi? Nani aliipima?

Ni mimi babu yako,
Gotthilf

*

Leer, 2 Machi 2018

Shikamoo Babu,

Nimekawia kujibu, nisamehe. Barua yako nimeisoma mara nyingi, nyingine nikiwa nimesimama kazini, na mara zote nilifika pale kwenye dengu nikacheka. Niliogopa miezi kumi na nne kukuambia, Babu. Nilimtuma baba kwa sababu nilikuwa mwoga. Sikujua kwamba ningegombezwa kwa kosa jingine kabisa.

Huku tunamshukuru Mungu. Mvua inanyesha kwa upande. Tunatengeneza kinanda cha kanisa la kijiji kimoja karibu na bahari, filimbi elfu moja na mia mbili, na panya wamezaliana ndani ya viriba vya upepo vinavyopulizia filimbi. Bibi Traudel mzima, anakusalimu. Anakunywa chai vikombe vitatu kila alasiri na kunikataza kukoroga sukari, ndiyo desturi ya huku.

Sasa maswali yako. Nilikwenda naye kwa sababu anakaa mtaa wa pili, na kwa sababu kifua kilianza kuniuma. Kazini napanda ngazi siku nzima mikono ikiwa juu, na mshono wa koti la kazi unanikwaruza. Nikikumbatia filimbi kubwa kuishusha, machozi yananitoka. Nilimwambia Bibi nikiwa nimeangalia sakafu. Akasema, "Vaa viatu."

Dukani muuzaji alimwangalia yeye. "Ni kwa ajili yako, mama?"

"Mimi ninazo zangu, zitanizika. Ni ya huyu binti."

Muuzaji akanitazama toka juu hadi chini, nikahisi masikio yanawaka moto. "Saizi gani?"

"Hajui," Bibi akasema. "Wewe ulijua saizi ya yako ya kwanza?"

Muuzaji akacheka, na baada ya hapo mambo yakawa rahisi kidogo. Mimi niliitaka ya rangi ya divai yenye lesi. Bibi akainyoosha kwenye mwanga. "Hii ni ya kutazamwa, si ya kupandia ngazi." Tukachukua ya pamba, rangi ya maziwa, haina waya. Ndani ya chumba cha kujaribia nilihangaika sana na zile ndoano za mgongoni. Bibi akauliza nje ya pazia, "Umekwama?"

"Hazishiki!"

"Funga kwa mbele, kisha zungusha. Nimezishona miaka ishirini na miwili, sijawahi kuzifunga mgongoni hata siku moja."

Nikazungusha, nikavuta mikanda mabegani, nikajiangalia kwenye kioo. Nilichokiona sitakuandikia, Babu, kwa sababu sina maneno yake. Bibi hakuniharakisha. Muuzaji alipokuja kuuliza, nikamsikia akisema, "Mwache, kaka yangu ningemsukuma, huyu mwache."

Nakutumia picha. Ni siku ya kuzaliwa kwa Bibi, ametimiza sabini na nne. Mimi ndiye mwenye sweta la buluu.

Wako,
Wiebke

*

Oberhalden, 9 Machi 2018

Wiebke,

Salamu. Theluji imeyeyuka, Mama Bitzer ameteleza lakini hakuvunjika kitu, nyonga ipo. Barua yako ilifika Jumanne, leo ni Ijumaa, nimeshakujibu. Uone tofauti ya mtu na mtu.

Kwanza kabisa: hiyo ya kufunga mbele na kuzungusha inaharibu mkanda! Lastiki inajisokota, baada ya miezi miwili mkanda unapanda mgongoni kama ngazi. Kila fundi anajua. Traudel alishona ndoano miaka ishirini na miwili na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuuliza sidiria nyingine zinatengenezwaje. Alikuwa na kiti chake, redio yake na ndoano zake. Mimi nilipita kati ya meza nikiwa na karatasi za mkato kwapani, na wasichana walinyamaza nikipita.

Pili, picha nimeiangalia kwa miwani na kwa kioo cha kukuzia. Sweta zuri. Traudel amenenepa. Hicho ulichovaa kimefinyangwa kwa joto kwenye mashine, kama keki ndani ya chombo chake, naona hata juu ya sweta. Hakuna mshono. Sidiria isiyo na mshono si sidiria, ni kofia mbili zilizofungwa kamba. Kikombe cha kweli kina vipande vitatu na mishono mitatu, na ni huo mshono wa ubavuni unaobeba. Hilo nililigundua mimi, kiwandani wanalijua, hata kama wapo waliosema vingine.

Tatu. Sihitaji vipimo. Usinitumie vipimo vyovyote, na hasa usinitumie vya Traudel, maana yeye tepu huiachia kama anafunga zawadi. Macho yangu yalimpima mke wa meya ndani ya koti. Wewe nimekupima ndani ya sweta, jana, saa nne asubuhi, na imekwisha.

Nilishuka mjini kununua kitambaa. Mama Bitzer alinikuta mlangoni na lesi mkononi.

"Ee, Gotthilf! Umepata mchumba?"

"Namkatia mjukuu."

"Mjukuu yupi? Wewe huna mjukuu wa kike."

"Sasa ninaye. Na wiki hii ngazi ni zako, mbona sioni ufagio?"

Akapanda juu kuuchukua. Nilitamani uwe hapo.

Hiyo ya dukani endelea kuivaa kwa sasa, lakini usiizoee.

Babu Gotthilf

*

Oberhalden, 24 Machi 2018

Wiebke,

Salamu za haraka, posta inafunga mapema Jumamosi. Humu ndani ya boksi imo. Rangi ya divai, kama ulivyoitaka ile ambayo watu wengine walikunyima. Vipande vitatu, mishono mitatu, lesi ya juu nimeikata ili maua yakutane katikati. Waya nimeufunika tabaka mbili. Cherehani ya marehemu bibi yako haijasikia raha hivi tangu afe, ilikuwa inaimba.

Vaa siku ya Pasaka. Halafu uniandikie yote. Na mwonyeshe Traudel, mwonyeshe taratibu, ndani na nje.

Babu

*

Oberhalden, 19 Aprili 2018

Wiebke,

Natumaini salama. Hapa salama. Miti ya matofaa imeanza kutoa maua, Rolf alikuja akanipogolea mmoja vibaya.

Pasaka imepita, na Jumapili mbili juu yake. Pengine posta. Nimekwenda kuuliza, yule binti wa dirishani akaangalia mashine yake akasema boksi lilipokelewa Leer tarehe ishirini na nane. "Limepokelewa na nani?" nikauliza. Akasema kuna sahihi tu. Nikamwambia anisomee sahihi. Akasema haisomeki.

Sahihi ya Traudel haisomeki.

Simtuhumu mtu. Lakini kama boksi lilipitia nyumbani kwake, na kama alilifungua, na kama alichokiona kilimchoma, basi ningependa kuambiwa. Mwaka wa sabini na moja alificha karatasi zangu za mkato nyuma ya kabati siku nzima, kwa sababu tu msimamizi alinisifu mbele yake. Ninayo kumbukumbu.

Andika hata mstari mmoja. Inakaa vizuri?

Babu Gotthilf

*

Oberhalden, 6 Mei 2018

Wiebke,

Sina habari za nyumbani, kila kitu kiko kama kilivyokuwa.

Jana nilipata kadi kutoka kwa dada yangu. Ina picha ya kinu cha upepo. Nyuma ameandika hivi, nanukuu yote: "Gotthilf, mwache mtoto." Hakuna salamu, hakuna mwisho mwema.

Kumbe sasa kuna mlinzi. Kumbe mtu akitaka kuongea na mjukuu wake lazima apite kwa mshona ndoano. Miaka mingapi nimekuandikia kila siku yako ya kuzaliwa? Nani alikuchongea filimbi ya kwanza ya kijiti, ukaipuliza hadi majirani wakafunga madirisha? Ni yeye? Yeye alikuwa hukohuko anakunywa chai. Sasa umekuwa binti, amekufungulia mlango, chai tayari, na mimi nibaki huku nikitazama kinu cha upepo.

Najua unachovaa. Unavaa ile ya kofia mbili. Sema tu.

G.

*

Leer, 20 Mei 2018

Shikamoo Babu,

Bibi Traudel hakulifungua boksi. Sahihi ni yangu, nilitia na glavu za kazi. Kadi hakunionyesha, ningemzuia. Baba anasema unakula, nashukuru.

Nimeanza barua hii mara tano. Zile nne nimezichana, kwa hiyo hii nitaiandika haraka.

Niliivaa, Babu. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika. Nilikaa nayo magotini nusu saa asubuhi ya Pasaka, nikitafuta mahali maua yanapokutana. Halafu nikaivaa chini ya blauzi nyeupe, nikaenda kanisani, kwa sababu siku hiyo kinanda kilipigwa kwa mara ya kwanza tangu tukitengeneze, na bwana wangu wa kazi alinitaka nikae kando ya mpigaji kumfunulia kurasa.

Unajua kwamba juu ya kinanda huwa kuna kioo, ili mpigaji amwone mchungaji nyuma yake. Kabla ya ibada mke wa mchungaji alikuja akanikumbatia. Nilipokaa nikajiona kwenye kioo. Kikombe cha kushoto kilikuwa kimebonyea ndani kama chungwa lililokanyagwa, na hakikurudi. Nikakisukuma kwa kiwiko, kikabonyea cha kulia. Ndani hamkuwa na kitu, Babu. Vikombe vyako vingetosha wawili kama mimi. Nilifunua kurasa za nyimbo tatu nikiwa nimejikunyata. Kisha nikaenda nyuma, kwenye chumba cha viriba vya upepo, nikaivua, nikaikunja mfukoni.

Sikujua ulichokuwa unaniambia. Nilifikiri unanicheka. Halafu nikafikiri jambo baya zaidi, kwamba hukunicheka hata kidogo, ila ulimkatia mjukuu mwingine uliyetamani kuwa naye, aliyekamilika, na huyo mimi sijamfikia na pengine sitamfikia.

Wiki sita nilikaa na hilo. Juzi Bibi alinikuta nikiitazama. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye kila mshono, akasema, "Amekata vizuri, mjinga huyu. Ila amelikatia sponji."

Babu, ile ya dukani ina sponji ndani, nene kama kidole. Kwenye barua sikulitaja. Uliponiuliza ni ya aina gani, nikakuandikia rangi, pamba, haina waya, nikaruka hilo. Nilitaka ukiitazama picha uamini kwamba ni mimi. Ukaamini. Kwa hiyo nusu ya kosa ni yangu.

Daktari anasema mwili unakwenda polepole, miaka mitatu, minne, na hajui utaishia wapi. Kwa sasa kifua ni kidogo, na kinauma.

Wako,
Wiebke

*

Oberhalden, 3 Juni 2018

Wiebke,

Barua imefika. Mimi mzima.

Nataka ieleweke kwamba sikukosea. Nilipima kilichokuwepo kwenye picha na nikakikata sawasawa kwa milimita. Kama kilichokuwepo ni sponji, basi sponji hilo limepata sidiria bora kuliko sponji lolote Ulaya. Aliyekuvika sponji ndiye wa kuulizwa. Kwenye kiwanda chetu sponji lilikuwa la wale wasiojua kukata.

Basi tufanye hivi. Chukua tepu. Jipime mwenyewe chini ya kifua, kisha juu yake, bila kushikiliwa na mtu. Traudel asiwepo chumbani, asiwepo hata nyumbani. Uniandikie namba kwa mkono wako. Nitakata nyingine, na hiyo ya kwanza uichome.

Mama Bitzer anauliza kila siku kama ilikukaa. Nimemwambia ilikukaa kama ngozi.

Babu Gotthilf

*

Leer, 15 Juni 2018

Babu,

Habari za huku si mbaya. Kinanda kimekabidhiwa.

Siwezi kujipima peke yangu. Nikiinua mkono tepu inashuka, nikiushusha kifua kinajikunja. Nimejaribu mara saba, nimepata namba saba. Bibi Traudel ndiye aliyeishika. Namba ziko kwenye karatasi iliyomo humu, kwa mwandiko wake. Itumie au ichane, ni juu yako.

Sidiria sikukuomba, Babu, na ya kwanza sitaichoma. Ninachokuomba ni kimoja. Tangu Februari nyinyi wawili mnavutana, huyu kwa tepu, huyu kwa mkasi, na kila mmoja ana miaka yake kiwandani ya kunionyesha. Mnachokivuta ni mimi. Nina kifua kinachouma hata shati likikigusa. Mkivuta, nasikia.

Kama huwezi kukata bila kumshinda mtu, usikate. Nitavaa ya kofia mbili, na nitakupenda vilevile. Ila sitakuandikia tena habari za mwili wangu. Tutaandikiana habari za theluji.

Wiebke

*

Oberhalden, 29 Julai 2018

Kwa mjukuu wangu Wiebke,

Joto huku ni la kuoka mikate. Matofaa yatakuwa madogo mwaka huu. Mama Bitzer amelazwa siku nne kwa sababu ya moyo, sasa amerudi, nimemfagilia zamu zake mbili, na ameniambia nimeruka kona.

Umeona nimekawia. Wiki sita kamili, nimehesabu. Nitakuambia zilikwenda wapi.

Karatasi ya Traudel niliiweka chini ya bakuli la viazi bila kuifungua. Wiki tatu nilikula viazi nikiitazama pembe yake. Nikasema moyoni, barua za theluji nazo ni barua. Theluji ninaijua vizuri. Kisha nikaenda kumwona Mama Bitzer hospitali, amelala pale mdogo, hana hata kitambaa cha kichwa, akaniuliza, "Yule binti wako, ile sidiria kweli ilimkaa?"

Nikamwambia, "Haikumkaa. Nilikosea."

Akasema, "Wewe?" Akacheka hadi nesi akaja.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nimelisema neno hilo kwa mdomo, na nilimpa Mama Bitzer, kwa hiyo mtaa mzima unalo. Sasa nakupa wewe. Nilikosea, na si macho yaliyokosea. Mkataji yeyote akiona kikombe kilichofinyangwa hujiuliza ndani kuna nini. Nilijiuliza. Nilijiuliza kama nusu dakika, nikiwa na kioo cha kukuzia mkononi. Lakini pembeni mwa picha alikuwepo Traudel amekushika bega, anacheka, na mimi nilikuwa na haraka ya kumshinda. Nikamkatia mtu wa kwenye picha. Hakuna mjukuu mwingine niliyemtamani. Yule wa kwenye picha simjui, wala hajaniandikia barua.

Niliporudi nikatoa karatasi chini ya bakuli. Nilitaka kuikuta mbovu. Nimeisoma kwa rula. Chini ya kifua amekaza tepu inavyopaswa. Halafu kushoto amepima peke yake na kulia peke yake, na kando yake ameandika: kushoto kumezidi nusu sentimita, kulia kunauma zaidi, asiguswe na mshono hapo. Wiebke, miaka arobaini na mmoja mimi nilikata kushoto na kulia kwa kisu kimoja, vitambaa arobaini vikiwa vimelaliana, na hakuna mwanamke hata mmoja niliyemuuliza upande gani unamuuma. Traudel ameuliza. Sipendi kuandika hili, lakini nimeshaliandika na sina kifutio.

Basi nikaanza. Sikuwa na karatasi ya mkato ya udogo huo. Kiwandani hatukuwahi kukata hivyo, tulisema hao bado wavae fulana. Ikabidi nichore upya, na kuchora sijachora tangu nistaafu. Ya kwanza ilikuwa ya mwanasesere. Ya pili nilisahau nikaweka waya. Ya tatu Mama Bitzer aliipapasa akasema ni ngumu kama kola ya mchungaji. Hii iliyomo ni ya sita. Pamba ya shuka kuukuu za marehemu Lore, imefuliwa miaka thelathini, hakuna kitu laini kuliko hicho katika nyumba hii. Haina waya. Haina sponji. Upande wa kulia mshono nimeuhamisha ukae kando, hautakugusa, na kushoto nimeongeza ile nusu sentimita. Vipande havifanani, ukivilaza mezani utaona. Hukatwi kwa kisu cha watu arobaini.

Igeuze nje-ndani. Utaona kwenye mishono nimeacha kitambaa kingi kimekunjwa, kidole kizima kila upande. Kwenye sidiria hakuna anayefanya hivyo, ningefanya kiwandani wangenifukuza kwa uharibifu. Nimekilaza chini kwa mkono ili kisikukwaruze. Hicho ni cha kufumua. Mwili ukisogea, unafumuliwa mshono, unaachiwa kidogo, unashonwa tena. Ukisogea tena, tena. Usiposogea, kitambaa kitakaa hapo hakidai kitu, na sidiria ni yako vilevile.

Ila kufumua nafumua mimi. Hili silegezi. Traudel ana mkono mzuri wa tepu, nimeshasema, sisemi mara mbili, lakini akishika kifumulio atafumua hadi kwenye mkanda. Ukihisi inabana, panda treni uje. Naye aje kama ni lazima, ashike tepu, akae kwenye kiti cha dirishani, na chai yake aje nayo mwenyewe.

Daktari wako anasema miaka mitatu, minne. Mimi mwezi wa Oktoba natimiza sabini na tisa. Kwa hiyo, Wiebke, fanya kila kitu polepole kama anavyotaka, lakini usikawie kukua.

Babu yako,
Gotthilf